Ulimi si Pingu ya Akili

Ziko hadithi za namna moja ambazo kwa muda wa zaidi ya miaka sabini zimekuwa zikitungwa katika nchi za Magharibi, na ambazo husomwa kwa raha kubwa hata na vijana wa vyuo vya Afrika ya Mashariki. Husimulia nyota za mbali, vyombo vya angani na viumbe wageni. Lakini kiini chake si nyota wala chombo, ni lugha. Hudai kuwa mtu huwaza kama ulimi wake unavyomwamuru, huona yale tu ambayo maneno yake yamempa ruhusa ya kuyaona, na akibadilishwa lugha hubadilishwa nafsi. Dai hili ni tamu maadamu limo hadithini. Likitoka humo likaingia shuleni, kazini na mahakamani huwa sumu. Nia ya makala haya ni kulipinga, na mashahidi watakaoitwa hawatatoka nyotani. Watatoka Shinyanga na Geita, penye dhahabu, vumbi na makaburi.

Haki humtaka mpingaji aeleze kwanza neno la mpinzani wake bila ya kulipunguza. Mwaka 1949 George Orwell, katika "Nineteen Eighty-Four", aliwaza dola inayopunguza maneno ya kamusi mwaka hata mwaka, mpaka uasi ushindwe kufikiriwa kwa kukosa jina. Mwaka 1958 Jack Vance alitoa "The Languages of Pao", hadithi ya sayari ya watu wapole ambao baadhi ya vijana wao waligawanywa makundi matatu na kupewa lugha tatu mpya: ya kwanza ya kuzaa askari, ya pili ya kuzaa mafundi, ya tatu ya kuzaa wafanyabiashara. Mwaka 1966 Samuel Delany aliandika "Babel-17", habari ya lugha isiyo na neno la "mimi", iliyofanywa silaha ya vita. Na mwaka 1998 Ted Chiang aliandika "Story of Your Life", iliyogeuzwa mwaka 2016 kuwa filamu ya "Arrival": mwanamke mtaalamu wa lugha anajifunza maandishi ya wageni waliotoka angani, na kwa kujifunza huko anaanza kuyaona yajayo kama ayaonavyo yaliyopita. Hizi ni kazi za watu wenye vipaji, na asiyezistaajabia amejinyima.

Kabla ya watunzi wengi wa namna hii walikuwako wataalamu. Edward Sapir, aliyefariki mwaka 1939, na mwanafunzi wake Benjamin Lee Whorf, aliyefariki mwaka 1941, ndio waliosifika huko Marekani kwa kusema kuwa lugha huongoza fikra. Whorf alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima ya moto, naye aliona jambo la kweli. Wafanyakazi walijihadhari mno karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na mapipa "matupu" walivuta sigara bila ya hofu, ilhali pipa lililobaki na mvuke peke yake ndilo lililo tayari zaidi kulipuka. Neno "tupu" liliwapumbaza. Kosa la Whorf lilikuja alipoliacha pipa akaenda kwa Wahopi wa Arizona, akasema kuwa lugha yao haina njia ya kutaja wakati. Mwaka 1983 mtaalamu Ekkehart Malotki alichapisha kitabu kinene kilichojaa semi za Kihopi za siku, majira, jana na kesho. Wahopi walikuwa na wakati siku zote; aliyekosa alikuwa msikilizaji.

Pipa la Whorf liko Geita hata leo, ila limebadili umbo. Mchimbaji mdogo akisha kusaga mawe katika karasha na kuuosha unga wake kwenye mwalo, huutia zebaki ili ishikamane na chembe za dhahabu, kisha donge lile hulitia motoni. Kazi hiyo huitwa "kuchoma dhahabu". Lakini dhahabu haiungui. Kinachoondoka motoni ni zebaki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ikawa mvuke usioonekana, ikaingia katika mapafu ya mchomaji, ya mkewe aliye jikoni na ya mtoto aliye mgongoni, ikaudhuru ubongo na figo. Usemi huu hutaja kilichobaki motoni na kukinyamazia kilichotoka. Hapo ulimi umefumba jicho kweli kweli.

Je, umelifumba milele? Hasha. Aambiwe mchimbaji huyo, kwa Kiswahili kile kile au kwa Kisukuma cha mama yake, kuwa sumu imo katika mvuke, naye ataelewa kabla ya makaa hayajazimika. Hana haja ya lugha mpya. Ana haja ya habari, na ya chombo cha kufunika moto na kunasa mvuke, na ya fedha ya kukinunulia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na wengi wa wachimbaji wamekwisha kusikia kuwa zebaki ni hatari. Anayejua hatari na bado akachoma hazuiliwi na sarufi; ameshikwa na njaa ya leo, ambayo haingoji ugonjwa wa mwakani. Basi mwenye kusema kuwa lugha ndiyo iliyomfunga amekosea kamba.

Lugha ina nguvu, na nguvu yake yapasa itajwe kwa kipimo chake. Roman Jakobson alieleza mwaka 1959 kuwa lugha hutofautiana zaidi kwa yale ambayo kila moja humlazimisha msemaji ayataje, kuliko kwa yale inayomruhusu kuyataja. Kiswahili ni mfano mwema. Mtu hawezi kusema mahali alipo mwenziwe bila ya kuchagua: yupo, yuko, au yumo. Oktoba 2015 machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, yalipoporomoka na kuwafukia watu, aliyeuliza habari zao kwa Kiswahili alilazimika kutamka kuwa "wamo". Neno lile fupi lilibeba ndani yake giza la shimo. Mwingereza angeweza kusema tu kwamba wako huko. Lakini nani athubutuye kudai kuwa Mwingereza hakujua kuwa watu wale walikuwa ndani ya ardhi? Wala silabi ya "-mo" haikumwambia mtu yeyote kama wafukiwa walikuwa hai. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Sarufi ilitaja walipokuwa. Kuwafikia kulitaka mikono na majembe.

Na wakati je? Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo, na msomaji wa "Arrival" aweza kudhani kuwa watu wa namna hiyo wanaishi katika wakati mwingine. Katika migodi mikubwa ya Geita na Kahama zamu hupangwa kwa saa za Kizungu. Mfanyakazi husoma 19:00 ukutani, akamwambia mwenziwe "saa moja usiku", wote wawili wakapanda basi moja na kufika kwa wakati. Kila siku huvuka kutoka hesabu moja hadi nyingine bila ya kujikwaa, wala hapati maono. Ikiwa daraja baina ya lugha mbili huvukwa na mtu mwenye usingizi wa zamu ya usiku, basi ukuta unaosimuliwa na hadithi hizo haupo.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitokea mwaka 2017. Kwa miaka mingi migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote miwili ya Kahama, ilisafirisha nje ya nchi mzigo wa unga wenye shaba, dhahabu na fedha ili ukayeyushwe huko. Watu waliuita "mchanga". Mchanga ni kitu ambacho watoto huchezea na wajenzi huchukua mtoni. Anayeuona mchanga ukipita barabarani hageuzi shingo. Machi 2017 serikali iliuzuia usitoke, na makontena 277 yakabaki katika bandari ya Dar es Salaam. Ndipo neno "makinikia", lililokuwa la wachache wenye ujuzi, likaingia katika kila daladala na kila kibaraza. Neno hilo liliamsha maswali ambayo "mchanga" uliyalaza: kilichokusanywa humo ni nini, ni kiasi gani, nani alikipima, na kodi yake iko wapi?

Washabiki wa Whorf hushangilia hapa, wakasema: tazameni, neno jipya limeleta macho mapya! Waende taratibu. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilipotoa taarifa yake Mei 2017, ilitaja kiasi cha dhahabu ambacho kampuni yenye mzigo ilikikataa kabisa. Pande zote mbili zilitumia neno moja, zikaona viwango vilivyoachana mbali. Neno "makinikia" halikuweza kuamua baina yao. Mizani, maabara na vitabu vya hesabu ndivyo vyenye kazi hiyo, kisha yakaja mazungumzo marefu, hata Januari 2020 serikali na kampuni ya Barrick zikatia sahihi mapatano ambayo kwayo serikali ina asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Twiga. Neno lilifungua mlango. Halikuwa taa ya kumulika chumbani.

Yako pia magwangala. Hili ni jina walilolipa watu wa Geita yale mawe ambayo mgodi mkubwa huyatupa kwa kuwa dhahabu yake ni chache mno kwa mitambo yake. Mhandisi huyaona takataka. Mama mwenye nyundo huyaona ada ya shule. Ugomvi juu ya mawe hayo ulikua hata mwaka 2016 ukafika mbele ya Rais wa nchi. Je, mhandisi na mama huyo wameona vitu viwili kwa sababu wana lugha mbili? La. Mpe mhandisi njaa ya mama huyo, naye kwa Kiingereza chake chote atainama kuokota. Tofauti haikutoka katika ndimi mbili, bali katika matumbo mawili. Hapa ndipo hadithi za lugha zinapoficha jambo: hutaja sarufi mahali pa kutaja maslahi.

Mashahidi wote waliotangulia ni wepesi wakilinganishwa na huyu wa mwisho. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa tangu miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, kwa imani kuwa viungo vyao huleta bahati katika dhahabu na uvuvi. Lugha ilihusika, na hili lisifichwe. Jina la zamani, "zeruzeru", lilikuwa na harufu ya mzimu ndani yake. Kisha likaja jina baya kuliko hilo: mtu aliyepita njiani aliitwa "dili", neno la biashara lililokopwa Kiingereza, kana kwamba mwana wa mtu ni bidhaa iliyochelewa kufika sokoni.

Yafaa jambo hili lichunguzwe kwa makini, maana hapa dai lote la Whorf hupimwa kwa damu. Sarufi ya Kiswahili humpa kila mwenye uhai upatanisho wa a- na wa-. Husemwa "zeruzeru amefika", "mazeruzeru wamefika". Hata jina lenye dharau haliwezi kumtoa mtu katika safu ya wenye uhai. Lau kuwa sarufi ndiyo itawalayo akili, basi upatanisho huo ungalikuwa ngao, na pasingaliuawa mtu. Mtu aweza kujibu kuwa hata mbuzi "amefika", naye huchinjwa. Jibu hilo ni kweli, nalo lathibitisha hoja: sarufi haikumwokoa mbuzi wala mtu. Tena tazama walivyofanya wauaji. Hawakufuata lugha yao, waliikimbia. Waliacha jina lenye "a-" wakatafuta sokoni neno lenye "li-", ili waseme "dili limepita". Nia ilitangulia, neno likafuata. Kwanza tamaa ilimfanya mtu kuwa kitu, kisha ikaenda kutafuta jina la kitu hicho.

Na majirani zao je? Mama aliyemficha mwanawe chini ya kitanda, mwalimu aliyelala mlangoni, walezi waliowapokea watoto hao katika kituo cha Buhangija mjini Shinyanga, wote walisema Kisukuma na Kiswahili kile kile cha wauaji. Lugha moja, macho mawili tofauti. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Mahakama ilihukumu watu, haikuihukumu kamusi. Lakini anayeamini kikamilifu kuwa lugha huunda uonaji hana budi kuwatetea watu wale, aseme kuwa waliona walichofundishwa na maneno yao. Asiyeweza kuutamka utetezi huo mbele ya mama wa mtoto aliyeuawa, aliache na dai linaouzaa.

Ni vema kwamba leo husemwa "mtu mwenye ualbino". Usemi huo humtanguliza mtu na kuliweka nyuma jambo la ngozi, na mtoto anayekua akiusikia ataanza mahali pazuri zaidi. Lakini adabu ya maneno ni mwanzo wa ulinzi, si ulinzi. Mwenye panga aweza kujifunza usemi mpya asubuhi na kulinoa panga jioni.

Sasa na zirudiwe zile lugha tatu za Pao, maana Shinyanga na Geita wanazijua bila ya kusoma hadithi. Mtoto wa Kishapu au Nyang'hwale aghalabu hupata Kisukuma nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi, na Kiingereza katika sekondari. Matokeo yake ni kuwa lugha ya kwanza imeachiwa jembe na ng'ombe, ya pili soko na mkutano wa kijiji, ya tatu mkataba na mtambo. Watetezi wa mpango huu husema kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, na kwamba akili ya kisayansi huja na Kiingereza. Pengine hawajapata kumsikia Whorf, lakini wamevaa kanzu yake. Nao wajibiwe bila ya kuzungushwa.

Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia kwa Kiswahili ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Wachimbaji wasiopata kuiona kamusi hiyo wamejiundia msamiati wao: duara, mwalo, karasha, marudio, magwangala, kuchenjua. Hakuna kamati iliyowapa ruhusa. Walikuwa na kazi, kazi ikadai majina, majina yakaja. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anyamazaye mbele ya somo la fizikia hakunyimwa akili na Kiswahili. Amenyimwa somo, kwa kuwa limezungumzwa katika lugha asiyoijua bado. Kisha ukimya wake huhesabiwa kuwa ujinga. Huu si udhaifu wa lugha, ni mlango uliofungwa na mtu, na mwenye ufunguo anajulikana. Hata sheria, ambazo kwa miaka mingi ziliandikwa Kiingereza, zilipewa lugha ya Kiswahili kwa marekebisho ya mwaka 2021, wala haki haikupotea kwa kutamkwa kwa lugha ya mshtakiwa.

Vance mwenyewe, aliyeanza kwa kuwagawa watu, alimaliza vingine. Katika hadithi yake wakalimani vijana, kwa mzaha, walichanganya lugha zote wakapata moja, na mwishoni ikaamriwa kuwa kila mtoto wa Pao ajifunze lugha hiyo ya mchanganyiko. Mtunzi wa lugha zitawalazo akili alishindwa kukamilisha kisa bila ya watu waliozitawala lugha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Lugha yake imepita bandari nyingi na imekopa kwa wengi, na haikupoteza nafsi.

Basi kifanyike nini? Watunzi wa Kiswahili wasiziogope hadithi za sayansi, wala wasiziige kwa kupiga magoti. Katama Mkangi alikwisha kuonyesha njia mwaka 1995 katika "Walenisi", pale mtu aliyehukumiwa kufa anapotupwa angani katika chombo na kufika katika nchi ambayo jina lake, likisomwa polepole, hutamka "wale ni sisi". Hapo lugha imefanya kazi kubwa: haikumlazimisha msomaji awaze, ilimwalika. Na atunge mwingine hadithi ya mgeni kutoka nyotani ashukaye Geita usiku, akasikia "kuchoma dhahabu" akauliza ni nini kinachoungua, akasikia "dili" akauliza mtu huyo ni mwana wa nani. Mgeni wa namna hiyo atafaa kuliko mgeni afundishaye kuona yajayo, kwa kuwa yaliyopo hayajaonwa bado.

Na nje ya vitabu, onyo la zebaki liandikwe na kutamkwa kwa lugha ya anayeishika, fizikia ifundishwe kwa lugha ya anayeisikia, na mkataba wa madini usomwe kwa lugha ya mwenye ardhi. Haya yasipofanywa, asilaumiwe mchimbaji kwa kutoona, wala kisilaumiwe Kiswahili kwa kutosema. Pipa la Whorf halikulipuka kwa sababu ya neno "tupu" peke yake. Lililipuka kwa kuwa aliyejua habari ya mvuke hakumwambia mwenye sigara.